Damu ya Kuku na Uzi wa Urithi

Katika kurasa hizi za Kiswahili tumezoea kusoma hadithi, mashairi na habari za mpira. Leo naomba nafasi niwaletee somo la elimu ya viumbe. Wako wenzetu wanaodhani kwamba mambo ya sayansi hayasemeki ila kwa Kiingereza. Mimi sikubali. Ikiwa Kiswahili kinatosha kupatanisha mtu wa Bwera na mtu wa Beni juu ya bei ya samaki sokoni Mpondwe, basi kitatosha pia kueleza yaliyomo ndani ya damu ya kuku.

Swali letu ni hili. Ndani ya karibu kila chembe hai mna uzi mwembamba uitwao DNA, ambao umeandikwa urithi wote wa kiumbe. Uzi huo ni mrefu kupita kiasi, na chumba chake, yaani kiini cha chembe, ni kidogo kupita kiasi. Je, umefungwaje hata ukaenea humo? Tena, watu walijuaje jinsi ulivyofungwa, na hali hakuna mkono uwezao kuufungua? Jibu ni kwamba walitumia vimeng'enya, na mara nyingi walivitumia katika damu ya kuku na ndege wengine.

1. Kimeng'enya ni nini?

Mama zetu wakitaka kupika jogoo mzee mwenye nyama ngumu huifunga nyama ile kwa majani ya mpapai, na baada ya muda hulainika. Ng'ambo ya mpaka, katika nchi ya Beni, wako wakulima wanaokwaruza mapapai mabichi yakiwa bado mtini, wakakinga utomvu wake mweupe, wakaukausha na kuuuza. Ndani ya utomvu huo mna kimeng'enya kiitwacho papaini. Kazi yake ni kukata protini vipande vipande, na nyama ni protini.

Sifa kubwa ya kimeng'enya ni kwamba hakikati kila kitu. Kila kimoja kina kazi yake, kama ufunguo na kufuli lake. Papaini hukata protini, lakini DNA haiigusi. Viko vingine ambavyo hukata DNA, na protini havizigusi. Katika somo hili tutakutana na viwili vya namna hiyo. Cha kwanza hutoka katika bakteria, nami nitakiita kimeng'enya cha bakteria. Cha pili hutoka katika kongosho la ng'ombe. Wataalamu hukiita DNasi I, nami nitakiita kimeng'enya cha kongosho.

2. Kwa nini damu ya ndege?

Ukitazama damu ya mbuzi, ya ng'ombe au ya mtu kwa hadubini, utaona chembe nyekundu ni kama visahani vidogo vilivyobonyea katikati. Havina kiini. Chembe hizo zilikuwa na kiini zilipokuwa changa ndani ya uboho wa mifupa, kisha zikakitoa kabla ya kuingia katika mishipa. Lakini ukitazama damu ya kuku utaona chembe zenye umbo la yai, na kila moja ina kiini chake katikati, kimekaa kama kokwa katika tunda. Ndege hawatoi kiini. Hukifunga tu kwa nguvu, na jeni zake karibu zote zikalala.

Kwa hiyo damu ya kuku ni ghala la viini. Tone moja lina mamilioni, karibu vyote ni vya namna moja, na kuvitoa ni rahisi, maana chembe hizi hupasuka upesi zikitiwa maji. Tena ni damu ambayo mpishi huimwaga chini. Wataalamu walitambua faida hiyo zamani. Mwaka 1869, katika mji wa Tübingen, Ujerumani, Friedrich Miescher alichukua usaha wa bendeji za hospitali, akatumia pepsini ya tumbo la nguruwe kula protini za chembe zake, akabakiwa na kitu kigeni cha ndani ya viini. Kitu hicho ndicho leo tunachokiita DNA. Mwaka 1884 Albrecht Kossel, Mjerumani pia, alichukua chembe nyekundu za bata bukini, akatoa katika viini vyake protini za namna ya pekee ambazo alizipa jina la histoni. Mwaka 1910 alipewa zawadi ya Nobel. Lakini kazi halisi ya histoni haikujulikana kwa miaka tisini hivi tangu alipozitoa.

3. Urefu wa uzi

Hesabu yenyewe hushangaza. DNA ya kuku imeandikwa kwa herufi nne tu, A, T, G na C, zilizopangwa jozi jozi. Seti moja ina jozi kama bilioni moja na zaidi kidogo, na kila chembe ya kawaida ina seti mbili, moja ya baba na moja ya mama, zilizogawanywa katika kromosomu 78. Ukiziunganisha zote, uzi unapata urefu wa sentimita 70 hivi. Kiini chenyewe kina urefu wa kama mikroni 5 tu, na mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita.

Tukuze kila kitu mara 50,000 tupate kuona vema. Kiini kitakuwa na urefu wa sentimita 25, karibu sawa na mpira wa miguu. Uzi wake utakuwa na unene wa sehemu ya kumi ya milimita, na urefu wa kilomita 35! Sasa shika uzi huo wa kilomita 35, uutie wote ndani ya mpira mmoja, usikatike, usijifunge mafundo, na tena mtu akitaka kusoma mstari mmoja tu wa maandishi yake, aupate mara moja. Hiyo ndiyo kazi inayofanyika katika kila chembe.

4. Jaribio tulilolifanya

Siku ya sikukuu mpishi wa shule alipochinja kuku, mwalimu wetu wa bayolojia alitutuma na chupa yenye maji ya sodiamu sitreti, ambayo huzuia damu isigande. Tulifanya hivi:

Kwanza, tuliiacha damu itulie, tukamwaga majimaji ya juu, tukabaki na chembe nyekundu, mililita 10 hivi.

Pili, tulitia mililita 20 za maji safi, tukakoroga kwa kijiti dakika tano. Chembe zilinywa maji zikapasuka. Tukachuja kwa kitambaa.

Tatu, tulitia mililita 40 za maji ya chumvi kali, gramu 117 kwa kila lita. Tulitumia chumvi safi, si ile ya ziwani Katwe, kwa sababu ya Katwe ina mchanganyiko wa madini mengine. Mara ile maji yakawa mazito, yakavutika kama uji wa mlenda. Sababu yake ni kwamba chumvi nyingi hulegeza histoni ziuachie uzi, na uzi uliokuwa umekunjwa ukafunguka.

Nne, tulitia matone ya maji ya papai bichi, tukangoja dakika kumi, papaini ipate kukata protini. Tukachuja tena.

Tano, tulimimina polepole spiriti iliyopozwa sana katika barafu, ikakaa juu. Pale spiriti na maji vilipokutana zikatokea nyuzi nyeupe zenye wekundu kidogo, nasi tukazizungusha kwenye kijiti. Hizo zilikuwa DNA za kuku, pamoja na mabaki ya protini.

Anayetaka kulirudia jaribio hili na atumie damu ya kuku mzima wa afya tu. Asiguse ndege aliyekufa kwa ugonjwa, na aoshe mikono kwa sabuni.

Hapa ndipo uwezo wetu ulipokoma. Tuliuona uzi, lakini tulipokuwa tukiufungua tuliuharibu ufungaji wake. Ni kama mtu aliyekata kamba zote za mzigo, kisha akauliza ulikuwa umefungwaje. Ili kuujua ufungaji, lazima kukata uzi ungali umefungwa.

5. Panya na mkufu wa shanga

Chukua mfano huu. Bibi ameweka mkufu wa shanga kubwa gizani, ndani ya sanduku. Panya akaingia akatafuna uzi. Shanga hawezi kuzitafuna, ila uzi ulio wazi kati ya ushanga na ushanga. Asubuhi bibi akifungua sanduku ataona vipande vyenye ushanga mmoja, vingine shanga mbili, vingine tatu, na kadhalika. Hata kama hakuwahi kuuona mkufu ule ukiwa mzima, akipima vipande atajua kwamba shanga zilipangwa kwa nafasi sawa, na nafasi hiyo ni ya urefu gani. Lakini kama uzi haukuwa na shanga, panya angekata po pote, na vipande vingekuwa vya kila urefu.

Hivyo ndivyo ilivyotokea. Mwaka 1973 Dean Hewish na Leigh Burgoyne, wa Adelaide katika Australia, waliona kwamba kimeng'enya kilichomo ndani ya viini vya ini la panya kiliikata DNA katika vipande vya urefu wa kupangika. Mwaka uliofuata, huko Cambridge, Uingereza, Markus Noll alitumia kimeng'enya cha bakteria, akapata kipimo cha jozi 200 hivi za herufi. Na Roger Kornberg akaeleza kwamba kila jozi 200 zimeshikamana na kifungu cha histoni nane. Mwaka huohuo wa 1974 Ada na Donald Olins, wa Tennessee, Marekani, waliviona vifungu hivyo kwa hadubini ya elektroni, vimepangwa kama shanga katika uzi. Kati ya viini walivyovitumia vilikuwamo vya chembe nyekundu za kuku.

Kazi ya kimeng'enya huendeshwa hivi. Viini vya kuku hutiwa katika maji yenye kalsiamu kidogo, maana bila kalsiamu kimeng'enya cha bakteria hakifanyi kazi. Kimeng'enya kikiisha kutiwa, mtu huchota kidogo baada ya dakika moja, kidogo baada ya mbili, kidogo baada ya tano, na kila mara huizuia kazi kwa dawa inayoikamata kalsiamu. Kisha huondoa protini zote, akaiweka DNA katika jeli itokanayo na mwani, akapitisha umeme. DNA huvutwa upande wa chanya. Vipande vifupi hupenya upesi, virefu huchelewa. Mwishowe huonekana mistari iliyopangwa kama ngazi: vidato vya 200, 400, 600, 800. Kwa kuku vidato hivyo hupita 200 kidogo, karibu 210, kwa sababu chembe nyekundu za ndege zina histoni yao ya pekee, iitwayo H5, ambayo hukaa kwenye uzi wa kati na kukaza mzigo zaidi.

Kimeng'enya kikiachwa muda mrefu hula uzi wa kati wote, vikabaki vipande vya jozi 146 hivi, ambavyo vimezungushwa mara moja na zaidi ya nusu juu ya histoni nane. Ushanga huo huitwa nukleosomu. Mwaka 1991 wataalamu wa Marekani walichora umbo la histoni hizo nane kwa miali ya eksirei, nao walizitoa katika damu ya kuku. Mwaka 1997 Karolin Luger na wenzake katika Zurich, Uswisi, walichora ushanga mzima pamoja na DNA yake.

6. Mlango ulio wazi na mlango uliofungwa

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote. Kila chembe ya kuku, ya ubongo au ya damu, ina jeni zilezile. Jeni ya hemoglobini imo hata katika ubongo, lakini ubongo hautengenezi hemoglobini. Je, jeni inayofanya kazi na jeni iliyolala zimefungwa sawasawa?

Mwaka 1976 Harold Weintraub na Mark Groudine, katika Marekani, walichukua chembe nyekundu za vifaranga ambao bado wamo ndani ya yai, wakatia viini vyake kimeng'enya cha kongosho kwa kiasi kidogo. Walipotazama, DNA iliyo nyingi ilikuwa bado salama, lakini jeni ya hemoglobini ilikuwa imekwisha kuliwa. Jeni ya protini ya ute wa yai, ambayo haina kazi katika damu, ilibaki. Kisha wakafanya vivyo hivyo kwa viini vya ubongo wa vifaranga: huko jeni ya hemoglobini haikuliwa upesi. Maana yake ni kwamba jeni inayotakiwa hufunguliwa, na isiyotakiwa hukazwa. Kimeng'enya ni kama mtu apitaye kijijini usiku akisukuma kila mlango; hawezi kuona ndani, lakini hujua nyumba zipi ziko wazi.

Mwaka 1981 Gary Felsenfeld na wenzake wakaonyesha zaidi. Mwanzoni mwa jeni moja ya hemoglobini ya kuku mzima mna nafasi ya jozi 200 hivi ambayo iko wazi kabisa. Nafasi za namna hiyo ndizo swichi. Hapo ndipo protini nyingine huja kushika, na kuiamuru jeni iwake au izimike.

7. Yatufaa nini sisi?

Mtu ataniuliza, "Ndugu, wewe mtoto wa Rukoki, milango ya jeni za kuku yakuhusu nini?" Nitajibu.

Mdogo wangu wa kike ana ugonjwa wa selimundu, ambao wengi hapa huuita sikoseli. Usiku wa baridi nimemwona akilia kwa maumivu ya mifupa hata alfajiri. Si yeye peke yake. Mwaka 1949 Dr. Lehmann na Dr. Raper walipima damu za watu wa Uganda, wakakuta kwamba kati ya Baamba, jirani zetu wa upande wa pili wa Rwenzori katika Bundibugyo, karibu watu 45 katika 100 wana alama ya ugonjwa huu katika damu yao. Alama moja, kutoka kwa mzazi mmoja, haimwuguzi mtu, tena humkinga na malaria kali. Ndiyo sababu imeenea katika nchi za mbu. Lakini mtoto akipata mbili, moja kwa baba na moja kwa mama, huugua. Uchunguzi wa watoto wachanga wa Uganda nzima, uliochapishwa mwaka 2016, ulikuta alama hiyo kwa watoto 13 katika kila 100.

Ugonjwa hutokana na herufi moja tu iliyogeuka katika jeni ya hemoglobini. Hata hivyo mtoto mchanga haumwi miezi ya kwanza, kwa sababu bado ana hemoglobini ya tumboni mwa mama, ambayo hutoka katika jeni nyingine, nzima. Baadaye jeni hiyo huzimwa, na ile yenye kasoro huwashwa. Kifaranga naye, siku zake za kwanza ndani ya yai, ana hemoglobini ya namna moja, kisha nyingine hushika nafasi yake. Basi wataalamu walijiuliza: je, tukiizuia swichi isizime ile ya utotoni?

Mwaka 2008 ilijulikana kwamba jeni moja, iitwayo BCL11A, ndiyo mzimaji mkubwa. Lakini jeni hiyo ina kazi nyingine katika mwili, haifai kuharibiwa kila mahali. Mwaka 2013 wataalamu wa Boston, Daniel Bauer na Stuart Orkin pamoja na wenzao, walitumia kimeng'enya kilekile cha kongosho katika viini vya chembe changa za damu ya mtu. Ndani ya jeni ya BCL11A wakakuta nafasi ambazo ziko wazi katika ukoo wa chembe nyekundu tu. Hapo ndipo pa kukata. Dawa iliyotokana na maarifa hayo huitwa Casgevy. Chembe za uboho wa mgonjwa hutolewa, swichi ile hukatwa, kisha hurudishwa mwilini, na hemoglobini ya utotoni huamka tena. Uingereza iliikubali mnamo Novemba 2023, na Marekani mwezi uliofuata.

Nilipomweleza mdogo wangu aliniuliza, "Kaka, kwa hiyo dawa yangu imo ndani ya kuku?" Nikamwambia hapana, dawa haimo ndani ya kuku, ila njia ya kuitafuta ilipitia huko. Sikumficha kwamba bei yake katika Marekani ni dola milioni 2.2, na kwamba mgonjwa lazima kwanza apewe dawa kali za kufuta uboho wake wa zamani, katika hospitali kubwa. Kwa leo msaada wetu ni mwingine: kupimwa mapema, kujikinga na malaria, kunywa maji mengi, na vidonge vya haidroksiyurea, ambavyo huiongeza hemoglobini ileile ya utotoni. Vidonge hivyo vilijaribiwa kwa watoto Mulago, Kampala, na majibu yaliyotolewa mwaka 2017 yalionyesha kwamba haviwaongezei malaria. Tena sisi vijana, kabla ya kuoa au kuolewa, twende tukapimwe damu. Hilo halihitaji mamilioni.

Basi wenzangu, tazameni njia ilivyokuwa ndefu: tangu damu ya bata bukini mwaka 1884 hata dawa ya mwaka 2023. Kossel hakujua kwamba anaanza kazi itakayomfaa mtoto wa Kasese au wa Bundibugyo. Yeye aliuliza swali lake vema, akaandika alichokiona, na wengine wakaendelea. Waliobaki wa kuendelea ni sisi. Dawa ile ni ghali kwa sababu bado hakuna ajuaye kuitengeneza kwa bei rahisi, na sioni kwa nini atakayejua asitoke katika darasa moja la chini ya Rwenzori. Siku mpishi akichinja kuku, usiache damu yote imwagike. Chota tone moja, ukaitazame.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini damu ya mbuzi haifai kwa kazi hii kama damu ya kuku?
2. Kimeng'enya cha bakteria kikikata viini vya kuku, mbona vipande haviwi vya kila urefu?
3. Katika jaribio letu chumvi ilifanya kazi gani, na papai lilifanya kazi gani?
4. Kwa nini jeni ya hemoglobini iliisha upesi katika chembe za damu, na katika ubongo ikabaki?
5. Baba ana alama moja ya selimundu, na mama pia ana moja. Chora jedwali uonyeshe kwamba kila mtoto wao ana bahati moja katika nne ya kuugua.